Saa Zilizolala Kwenye Droo

Maneno haya niliyasema Jumamosi alasiri mbele ya majirani zangu wa Ngamiani, Tanga. Waliokosa kufika wameniomba niyaandike, nami nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, hamjambo? Wanangu, hamjambo? Asanteni kwa kutoka majumbani jua likiwa bado kali, mkaja kumsikiliza fundi saa.

Nawaomba jambo moja kabla sijaanza. Mwenye saa nyumbani iliyosimama, imelala kwenye droo, au kwenye mkoba wa zamani, au kwenye lile kopo la biskuti pamoja na sindano na vifungo vya shati, anyanyue mkono.

Tazameni. Geukeni mtazamane. Karibu ukumbi mzima.

Sasa washushe mikono wale ambao fundi aliifungua saa yao, akaichungulia, akawaambia imekufa. Watatu tu. Je, ninyi wengine, nani amewaambia kwamba saa zenu zimekufa? Nani?

Mimi nimekaa kwenye meza ya saa tangu niko darasa la tano, nikimshikia baba yangu taa. Meza yake ilikuwa barazani, kisanduku cha kioo mbele yake, lenzi ikining'inia kwenye paji la uso. Leo meza ile ni yangu. Katika miaka yote hiyo nimeona kwamba wengi wanaosimama mbele yangu wamekuja kwa moja kati ya mambo mawili: betri imekwisha, au mkanda hauwakai. Betri na mkanda. Mtu mzima mwenye meza, mwanga wa kutosha na nusu saa ya utulivu anaweza kuyafanya haya nyumbani kwake. Nataka leo mwondoke mkijua namna. Nataka pia mwondoke mkijua mahali ambapo mkono wa nyumbani unapaswa kusimama, kwa sababu saa nyingi nilizozika ziliuliwa na mtu aliyezipenda.

Wenzangu wawili wa kazi hii waliposikia nitakuja kusema haya walikasirika. Waliniambia, "Dada, unatukatia riziki." Nimewaheshimu, nikawajibu hivi: mtu aliyejifunza kubadilisha betri ya saa yake anaanza kuijali saa. Akiijali, ataniletea ya babu yake ya kutia ufunguo niisafishe. Asiyejali ataitupa jalalani, na mimi sitaiona kamwe.

Nianze na betri. Na kabla ya betri, kisa.

Mama mmoja alikuja kwangu na saa ya marehemu mumewe, imefungwa kwenye leso. Alinieleza kwamba ilisimama miezi michache baada ya mazishi, naye hakuwa na moyo wa kuipeleka popote. Akaifunga, akaiweka sandukuni, ikakaa miaka mitano. Sasa kijana wake alikuwa anaoa, na alitaka kuivaa saa ya baba yake siku ya nikaha. Nikaifungua. Ndani nikakuta unga mweupe na ukungu wa kijani. Betri ilikuwa imevuja. Ile dawa yake imekula miguu ya shaba, imekula waya wa koili ulio mwembamba kuliko unywele. Nilisafisha jioni nzima, wapi! Ikabidi nibadilishe mashine yote ya ndani. Nilipomkabidhi akaniuliza, "Hii bado ni saa yake?" Nikamwonyesha uso wake ni uleule, mishale ileile, mikwaruzo ya ubavuni ileile. Akaiweka sikioni, akakaa kimya muda mrefu.

Ndugu zangu, saa ile ingeokolewa na dakika tano za miaka mitano nyuma. Betri iliyokufa itolewe. Hata kama huna mpya, itolewe. Hata kama huna nia ya kuivaa saa hiyo tena mwaka huu, itolewe. Saa isiyo na betri inaweza kulala kwa salama. Saa yenye betri iliyokufa imelala na sumu tumboni.

Na betri yenyewe inafanya nini mle ndani? Lile neno Quartz mnaloliona usoni mwa saa ni jina la jiwe. Ndani mna kipande kidogo cha jiwe hilo, kimechongwa kama uma wa meno mawili, na umeme wa betri ukikigusa kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Kwa nini hesabu ya ajabu hivyo? Mkifika nyumbani chukueni kalamu, igaweni kwa mbili, kisha jibu kwa mbili, kisha kwa mbili, mara kumi na tano. Mtabaki na moja. Ndivyo saa inavyopata sekunde yake. Saa ya kwanza ya mkono ya namna hii kuuzwa ilitolewa na Seiko mjini Tokyo, tarehe 25 Desemba 1969, kwa yeni 450,000, bei iliyokaribia ya gari dogo. Leo kazi ileile inafanywa na saa mnayoinunua sokoni kwa pesa ya soko la siku moja. Je, kitu kama hicho kinastahili kutupwa kwa sababu ya betri?

Betri ina jina mgongoni. Lisome. Ukiona 377 au SR626SW, ni kitu kimoja: upana milimita 6.8, unene milimita 2.6. Ukiona 364, yaani SR621SW, upana ni uleule ila unene ni 2.1. Nusu milimita tu! Nusu milimita hiyo ndiyo inayofanya mfuniko usifunge, au betri icheze ndani na saa isimame kila ukipiga makofi. Kwa hiyo nenda dukani na betri ya zamani mkononi. Na tazama herufi za mwanzo. SR ni ya madini ya fedha, volti 1.55, inashikilia nguvu ileile mpaka karibu na mwisho wake. LR ni ya alkali, volti 1.5, nguvu yake inashuka kidogo kidogo na ni nyepesi zaidi kuvuja. Zinaingia mahali pamoja na muuzaji atakwambia ni sawa. Kwa saa ya mishale chukua SR. Mimi kwenye meza yangu LR siiweki, hata mteja akilalamika kuhusu bei.

Wengine hapa wamevaa ile saa ndogo nyeusi ya tarakimu, Casio F-91W, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989. Hiyo inatumia CR2016, ya lithiamu, volti 3, na mfuniko wake umeshikwa na skrubu nne ndogo. Ukiifungua fanya polepole, mna kispringi kidogo cha king'ora, kikiruka kwenye mkeka hukioni tena na saa yako haitalia. Na katika saa nyingi za Casio za namna hii kuna kitundu kimeandikwa AC, cha kuianzisha saa upya. Ukishaweka betri mpya, gusisha kitundu hicho na mgongo wa betri kwa kibano cha chuma kwa sekunde mbili. Wengi wanaoniambia "nimeweka betri mpya bado kioo kimejaa takataka" wameruka hatua hiyo tu.

Jambo jingine kuhusu betri. Kuna saa ambayo mshale wa sekunde umeanza kuruka mbili mbili: unatulia, unaruka sekunde mbili kwa pamoja, unatulia. Watu wananiletea wakisema imeharibika. Haijaharibika. Saa nyingi zimetengenezwa hivyo makusudi, zikuombe betri kabla hazijasimama.

Haya, tuje kwenye vifaa.

Vijana wengi wamenunua ile seti ya mkoba mweusi wa zipu, vipande zaidi ya mia, inayouzwa mitandaoni. Siikatai. Anayeanza anaweza kuanza nayo. Lakini mkiifungua, vipande mtakavyovigusa havifiki kumi. Na vile mnavyovihitaji zaidi ndivyo vilivyotengenezwa kwa chuma laini. Bisibisi inakunja ncha skrubu ya kwanza tu. Kifaa cha plastiki cha kusukumia pini za mkanda wa chuma kinavunjika sindano kwenye pingili, yaani kipande cha mkanda, ya pili tu. Ningekuwa na pesa ya seti hiyo leo, ningenunua vitu vichache, kimoja kimoja, vizuri.

Ningeanza na bisibisi tatu za saa: ya milimita 1, ya 1.4 na ya 1.6, zile zenye kichwa kinachozunguka ili kidole kibaki juu kikibonyeza na vingine vikisokota. Ncha ya bisibisi lazima iujaze mfereji wa skrubu. Ikiwa ndogo itateleza, na mteleko mmoja unaacha mkwaruzo wa maisha. Kisha ule uma, kijiti cha chuma chenye meno mawili upande huu na ncha kali upande ule, cha kutolea pini za springi zinazoshika mkanda. Wa Bergeon, wale Waswisi wa Le Locle waliopo tangu 1791, unadumu, na ncha zake zinauzwa peke yake zikichakaa. Kisha kibano cha plastiki kwa ajili ya betri, kwa sababu cha chuma kikigusa juu na ubavu wa betri kwa pamoja unaimaliza nguvu kabla hujaitumia, na kidole nacho kinaacha jasho na mafuta. Kisu kifupi butu cha kufungulia mfuniko wa kubana. Kwa mfuniko wa kusokota, ule mpira laini unaonata: unaubonyeza juu ya mfuniko, unazungusha, na mara nyingi unatosha. Ule ufunguo wa chuma wa miguu mitatu nauogopea mikono mipya, ukiponyoka unachora duara zima. Kinyundo kidogo, tindo mbili tatu nyembamba za kusukumia pini, na kile kizuizi cha plastiki chenye mifereji cha kusimamishia mkanda. Lenzi ya kukuza mara tano. Nimemaliza.

Hapana, sijamaliza. Sinia. Lile sinia la chakula lenye ukingo, weka ndani yake kitambaa cheupe, na kazi yako yote ifanye humo. Sinia ni la thamani kuliko seti yote ya zipu, na kila nyumba ya Tanga inalo. Nitawaambia nililijuaje.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba alinipa mkanda wa saa ya Kijapani nipunguze pingili mbili. Katika mikanda mingi ya Seiko na Citizen, pini peke yake haishiki. Katikati ya pingili kuna kikoba kidogo cha chuma, bomba fupi kama punje ya mchele iliyokatwa, na pini inabanwa na kikoba hicho. Mimi sikukijua. Nikasukuma pini, ikatoka, nikafurahi. Nikaunganisha mkanda, nikagonga pini ikaingia kwa ulaini ajabu. Mteja akalipa akaondoka. Jioni akarudi, saa iko mfukoni, kioo kimevunjika. Pini ilitoka yenyewe akiwa anashuka kwenye basi. Baba hakunigombeza mbele yake. Alimlipa kioo. Mteja alipoondoka akaniambia, "Kitafute." Nilifagia baraza mara tatu, kwa mikono, nikipepeta mchanga kama mama apepetavyo mchele. Kikoba kilikuwa kwenye pindo la kanga yangu. Siku iliyofuata baba alitoka nyumbani na sinia.

Sasa mkanda wa chuma wenyewe. Hapa naomba vijana msogee.

Kabla ya kugusa chochote, vaa saa, funga kifungio, uibane ile ziada kwa vidole pale kwenye kifungio mpaka mkanda ukukae unavyopenda. Hesabu pingili zilizokunjana. Hizo ndizo za kutoa. Lakini upime lini? Mkono wa saa moja asubuhi na mkono wa saa tisa alasiri hapa Tanga ni mikono miwili. Joto linauvimbisha. Pima alasiri, na uache nafasi ya kidole kidogo kupita chini ya kifungio. Na kabla ya kutoa pingili yoyote, tazama ubavu wa kifungio: mara nyingi kuna vitundu vitatu vinne kwenye mstari. Sukuma pini ya springi kwa ncha ya uma, ihamishe kitundu kimoja, ujaribu tena. Watu wangapi wamekata pingili kumbe walihitaji kitundu kimoja?

Ikibidi kutoa, toa pande zote mbili kwa usawa, ili kifungio kibaki katikati chini ya mkono. Zikiwa mbili, moja huku na moja kule. Zikiwa tatu, ile ya ziada itoke upande wa tarakimu 6. Nasema tarakimu, sisemi saa, maana kwetu mshale mfupi ukisimama kwenye 6 ni saa kumi na mbili, na nimeshaelekeza mtu kwa simu akapunguza upande usio wake kwa sababu ya neno hilo moja.

Geuza mkanda ndani nje. Mnaiona mishale iliyochorwa mgongoni mwa pingili? Mishale hiyo ni neno la aliyetengeneza mkanda kwako. Pini inatoka kuelekea mshale unakoelekea. Inarudi kinyume cha mshale. Inatoka na mshale, inarudi kinyume cha mshale. Semeni nami: inatoka na mshale, inarudi kinyume cha mshale!

Nawasemesha kwa sababu ya kijana mmoja wa mtaa huuhuu. Alizawadiwa saa na wajomba zake usiku wa kuamkia harusi yake. Ikawa kubwa, inamzunguka mkononi kama bangili. Saa nne za usiku, fundi gani yuko wazi? Akachukua msumari na jiwe. Hakuona mishale, hakujua kuna mishale. Akagonga upande usiotoka. Pini hizo zimepasuliwa mwisho mmoja, zimefunguka kidogo kama mdomo wa ndege, na mwisho huo ndio unaobana. Ukiugonga kutoka huko unazidi kuukaza, na yeye alivyoona inakaza akazidi kugonga. Msumari ukateleza. Alifika kwangu baada ya sala ya asubuhi, siku ya harusi yake, pingili mbili zimepindana, na machozi yako karibu. Nilizinyoosha kadiri nilivyoweza, nikatoa zilizoumia zaidi, kwa bahati ndizo zilizozidi. Alioa na saa yake mkononi. Lakini alama ya msumari iko pale mpaka leo, na kila tukikutana ananionyesha.

Kwa hiyo simamisha mkanda kwenye kizuizi chake, mshale ukitazama chini. Tindo nyembamba kuliko pini, juu yake. Gonga kidogo kidogo, kama unavyogonga yai. Pini ikichomoza chini, ivute kwa koleo. Toa na ya pili, pingili itaachia. Kabla hujafanya chochote zaidi angalia kama kuna kikoba kimeanguka kwenye sinia. Wakati wa kurudisha, mwisho mzima ndio utangulie, uliopasuka uingie mwisho, kinyume cha mshale. Ikiwa sawasawa na ubavu, pitisha kidole: hupaswi kuhisi kitu. Kisha vuta mkanda kwa nguvu, saa ikiwa juu ya godoro. Sijawahi kuona saa iliyovunjikia godoroni.

Mikanda ya skrubu inatisha lakini ni rahisi zaidi, mradi bisibisi ijae mferejini. Skrubu ikikataa usiishindanishe. Mara nyingi imetiwa gundi kiwandani. Ipulizie hewa ya moto ya mashine ya kukaushia nywele kwa dakika moja, ujaribu tena. Ikikataa tena, nilete. Ile mikanda ya wavu unaifungua kwa bisibisi bapa, unainua ulimi, unasogeza, unafunga. Ile inayovutika, wazee wanaipenda, vilimi vyake vinachosha hata mimi. Iacheni.

Na mkanda wa ngozi? Pima nafasi kati ya masikio ya saa, pale mkanda unaposhikwa, kwa rula ya milimita. Nyingi ni 18, 20 au 22. Bana pini ya springi kwa uma, ingiza, achia, usikie ikibofya pande zote mbili. Usiposikia mbofyo wa pili, saa yako iko njiani kuanguka. Kwa wavuvi na wenye kazi za kuruka ruka nawashauri ule mkanda mmoja mrefu wa nailoni unaopita chini ya saa, aina ambayo wizara ya ulinzi ya Uingereza iliiandikia kiwango mwaka 1973. Pini moja ikivunjika, saa bado inaning'inia kwenye ya pili. Nao unafuliwa kwa sabuni kama shati.

Sasa nifike pale nilipoahidi. Mkono wa nyumbani usimame wapi?

Sisi ni watu wa bahari, kwa hiyo nianze na maji. Mfuniko wa nyuma una duara la mpira ndani yake, jembamba kama uzi wa mshipi. Duara hilo ndilo linalozuia maji. Siku unayofungua saa, umeligusa. Likitoka kwenye mfereji wake kidogo tu, likabanwa na mfuniko, huna tena saa ya maji, na kwa nje hutaona tofauti yoyote. Kijana mmoja anayekwenda pweza maji yakitoka alibadilishiwa betri na kaka yake nyumbani. Saa ikatembea vizuri. Kesho yake akaingia nayo baharini. Aliponiletea zilikuwa zimepita siku tatu, imekaa ndani ya mchele kwa sababu mtu alimwambia mchele unanyonya maji. Mchele hautoi chumvi, wanangu. Nilipofungua, mashine ilikuwa nyekundu kama udongo.

Saa ikiingia maji ya bahari, njoo siku ileile. Ikitoa ukungu ndani ya kioo, siku ileile. Usiianike juani, usiizike mcheleni. Na maneno ya mgongoni msiyaelewe vibaya. Mita 30 maana yake mvua na maji ya kunawia. Kuogelea anza na ya mita 100. Inapimwa ikiwa mpya, kwa msukumo uliotulia, bila mkono unaopiga maji. Ukibadilisha betri nyumbani, futa mfereji, paka lile duara grisi ya silikoni kiasi cha kung'aa tu, lilaze vizuri, funga. Kisha saa hiyo usiogelee nayo mpaka fundi mwenye mashine ya kupimia msukumo aithibitishe. Na saa yoyote ikitoka baharini, kile kitufe cha ubavuni cha kusogezea mishale kikiwa kimesukumwa mpaka ndani, isuuze kwa maji baridi ya bomba. Chumvi ikikauka ndani ya pingili inazisaga pini taratibu.

Mpaka wa pili ni mfuniko wa kubana. Una pengo dogo linalopaswa kukaa pale kijiti cha kitufe kinapopita. Ukilikosea na ukakandamiza, umekunja kijiti. Na ukikandamiza kwa vidole gumba juu ya meza ngumu, chini ya vidole vyako kuna kioo. Nilipasua kioo cha mteja hivyo, mwaka wangu wa kwanza peke yangu baada ya baba kufariki. Nilimwambia ukweli, nikanunua kingine, na siku hiyohiyo nikanunua kibanio cha kufungia. Mfuniko ukikataa kwa nguvu ya kawaida ya vidole, uache wazi ndani ya bahasha safi, uulete.

Saa za kutia ufunguo na za otomatiki, zile zinazojitia ufunguo kwa mwendo wa mkono, tafadhalini, msizifungue kabisa. Ile gurudumu inayopumua huku na huku mle ndani ina springi nyembamba ambayo pumzi ya kikohozi inaweza kuivuruga. Na saa za zamani sana zenye tarakimu zilizopakwa rangi ya kung'aa usiku, za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960, nyingi zilipakwa radiamu. Mwanga wake umeisha, sumu yake haijaisha. Radiamu inachukua miaka 1,600 kupungua nusu. Msikwangue uso huo, msipulize vumbi lake, msimpe mtoto achezee.

Na mtoto. Kina mama na kina baba, hapa nisikilizeni kuliko popote. Betri ya saa inang'aa, ni ndogo, ni laini ulimini. Ikikwama kooni mwa mtoto, inaweza kumuunguza vibaya ndani ya muda wa saa mbili, hata ile uliyoitoa kwa sababu "imekwisha". Ile pana ya milimita 20 ndiyo mbaya zaidi. Ukishuku tu kwamba kameza, hospitali, wakati huohuo. Usimtapishe. Usingoje kuona kama atalia. Betri ya zamani ikitoka kwenye saa, ivishe utepe wa kunata pande zote mbili na uiweke juu ya kabati palipofungwa, kabla hata hujaweka mpya.

Nimesema mengi, na wazee wameketi muda mrefu. Pale nyuma nimepanga meza tatu. Kila meza ina sinia, kitambaa cheupe, uma mmoja, bisibisi tatu, na kizuizi cha mkanda. Meza ya kushoto ni ya betri, mbili za kulia ni za mikanda. Vijana wawili wanaojifunza kwangu watakuwa nanyi. Hakuna atakayefungua saa ya mtu mwingine: kila mmoja afungue yake.

Binti uliyenyanyua mkono wa kwanza, uliyesema una saa ya baba yako, njoo nayo hapa mbele tuanze na wewe. Igeuze. Usiguse kitu bado. Niambie kwanza, mshale unatazama wapi?